Nyuzi zielekee wapi: hotuba kwa wajenzi wa ndege wanaobadili umbo la vipande vya faiba

Ndugu wajenzi wenzetu,

Mezani hapa kuna vibanzi viwili vya faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa rezini, gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu. Vyote viwili vimetoka kwenye bapa moja la matabaka manne, kitambaa kilekile, rezini ileile, vimekauka pamoja. Kila kimoja kina upana wa milimita 25 na urefu wa milimita 300. Kinachovitofautisha ni jinsi vilivyokatwa: cha kwanza kimefuata nyuzi, cha pili kimekatwa mshazari, nyuzi zake zikipita kwa digrii 45. Bana ncha moja ya kila kibanzi ukingoni mwa meza, kisha tundika uzito uleule kwenye ncha ya pili. Cha mshazari kitainama karibu mara mbili ya mwenzake. Sasa vifungue, shika kila kimoja kwa mikono miwili na ukisokote kama unayekamua nguo. Mambo yanageuka. Kile kilichoinama kwa urahisi ndicho kinachogoma kusokoteka.

Vipitisheni mkononi kwa mkono, kila mtu ajaribu. Atakayeondoka hapa na kumbukumbu ya vibanzi hivyo viganjani atakuwa amepata nusu ya tuliyokuja kusema.

Bati la alumini halijali sana unalivuta upande gani. Nguvu yake ni karibu ileile pande zote. Faiba haiko hivyo. Uzi wa kioo una ugumu wa takriban gigapaskali 72 ukivutwa kwa urefu wake, na rezini inayoushika ina gigapaskali 3 hivi. Kazi ya rezini ni kuzishika nyuzi zikae mahali pake na kupokezana mzigo kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Mzigo unaopita mahali pasipo na uzi wa kuupokea umeachiwa rezini peke yake, na rezini hupasuka.

Ndiyo maana kubadili umbo la kipande ni jambo la kupanga kabla ya kushika msumeno. Unapokata dirisha kwenye boneti ya injini ili kuinua nundu ya kupisha bomba, umekata nyuzi zilizokuwa zikipita hapo. Nyuzi mpya utakazoweka hazitaungana na zile za zamani uzi kwa uzi. Zitalala juu yake, na mzigo utahama kupitia rezini iliyo katikati. Uhamaji huo hufanyika vizuri nyuzi mpya zikielekea kule kule zilikoelekea za zamani, na eneo la kulaliana likiwa pana vya kutosha. Mengine yote tutakayoeleza leo yanatokana na hayo mawili.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Kwenye ndege za kujengewa nyumbani aina mbili ndizo zinazokutana na mkono wa mjenzi mara nyingi. Ya kwanza ni kitambaa cha pande mbili, chenye mtande (nyuzi za urefu wa jora) na mshindio (nyuzi za kukatiza) unaokaribia kulingana, cha uzito wa gramu 300 hivi kwa mita moja ya mraba. Ya pili ni kitambaa cha upande mmoja, ambacho karibu nyuzi zake zote ni za mtande, na mshindio ni uzi mwembamba tu wa kuzifunga zisitawanyike. Ujenzi huu wa foamu na faiba bila kalibu ulienea duniani baada ya mbunifu wa ndege Mmarekani Burt Rutan kurusha ndege yake VariEze mwaka 1975. Katika ndege za jamii hiyo, nyuzi za upande mmoja hulala kwa urefu wa bawa pale panapobeba mpindo, na ngozi ya bawa huvishwa matabaka yanayopishana kwa mshazari ili kubeba msokoto. Vibanzi vya mezani vinaonyesha kwa nini.

Kwa mkono, tabaka moja la kitambaa hicho cha pande mbili hutoa unene wa milimita 0.25 hadi 0.33, kutegemea umekamua rezini kiasi gani. Hesabu ya rezini ni rahisi: pima uzito wa kitambaa ulichokata, changanya rezini ya uzito huohuo, na ukikamua vizuri utabaki na ziada kikombeni au kwenye karatasi ya kufyonzea. Tabaka lililokamuliwa vizuri kwa mkono huwa na asilimia 40 hivi ya rezini kwa uzito, yaani gramu 500 kwa mita ya mraba badala ya 600. Kwa matabaka manne yenye eneo la nusu mita ya mraba, hiyo ni kilo 1 dhidi ya kilo 1.2. Gramu 200 hizo za ziada haziongezi nguvu yoyote, na mara nyingi ziko mbele kabisa ya ndege au nchani mwa bawa, mahali ambapo uzito hugharimu.

Sasa tuje kwenye neno digrii. Digrii 45 kutoka wapi? Swali linaonekana dogo, lakini vipande vingi huharibikia hapo, kwa sababu mjenzi hupima pembe kutoka ukingo wa kitambaa mezani, halafu akifika kwenye kipande anakiweka kinavyomkalia vizuri. Chora mstari wa rejea kwenye kipande chenyewe kwa kalamu isiyofutika, kabla hujakata chochote. Kwenye boneti au bodi, sifuri iwe ni mstari wa mbele kwenda nyuma. Kwenye bawa na mkia, sifuri iwe ni urefu wa bawa. Kila tabaka utakalokata liwe na mshale wa kalamu unaoonyesha mtande wake, na mshale huo ulinganishwe na mstari wa kwenye kipande. Wino uwe ule usiokimbia ukikutana na rezini, na uandike pembeni, kwenye sehemu itakayokatwa baadaye.

Kabla ya kuamua pembe za matabaka mapya, jua kipande cha zamani kilijengwaje. Michoro ya ndege ikisema, fuata michoro. Isiposema, kipande ulichokata chenyewe kitakueleza. Chukua kile kibao kilichotoka dirishani, andika juu yake upande wa mbele, kipeleke nje penye hewa, na ukichome kwa moto wa gesi mpaka rezini yote iungue. Simama upande unaotoka upepo. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Kioo hakiungui kwa moto huo. Utabaki na vitambaa vikavu ambavyo utavifunua kimoja kimoja kama kurasa, ukihesabu matabaka na kusoma pembe ya kila moja. Njia nyingine ni kukata hanamu, yaani mteremko mrefu wa taratibu, ukingoni kwa msasa: kila tabaka linapofikiwa hujitokeza kama mstari wa peke yake, na kwenye mistari hiyo unaona nyuzi zinakwenda wapi. Tunapendekeza ufanye yote mawili. Kuchoma hukupa idadi ya uhakika, na hanamu hukuonyesha iwapo mtengenezaji aliongeza matabaka karibu na ukingo, jambo la kawaida kwenye maboneti.

Chukulieni boneti yenye ngozi ya matabaka manne, tunataka kuinua nundu ya urefu wa milimita 250, upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 30.

Ifunge boneti kwenye ndege kwa skrubu zake zote kwanza. Boneti iliyokatwa ikiwa huru juu ya meza hujifungua au kujifunga kidogo, na ukiijenga katika hali hiyo haitarudi kwenye matundu yake ya skrubu. Kama ni lazima uitoe, gundisha mbao mbili tatu za kuishikilia umbo kabla ya kuitoa. Kata dirisha lenye pembe za mviringo, nusu kipenyo isipungue milimita 12, kwa kuwa pembe kali ndiyo mahali ufa unapoanzia. Ziba dirisha kwa bonge la foamu kutoka ndani, lishikilie kwa vitone vya gundi, kisha lichonge kwa ubao mrefu wa msasa mpaka upate umbo. Foamu ya polisitirini huyeyuka ikiguswa na rezini ya poliesta au vinaili esta, kwa hiyo hutumika na rezini ya epoksi tu. Foamu ya poliurethani inavumilia zote, ila isikatwe kamwe kwa waya wa moto, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Umbo likikamilika, kata hanamu kwenye ngozi ya zamani. Matabaka manne ni unene wa milimita 1.2 hivi. Kwa kipande kisichobeba mizigo ya ndege yenyewe, kama boneti, uwiano wa 20 kwa 1 unatosha: milimita 1.2 za unene zinashuka taratibu katika upana wa milimita 24. Kwa kipande kinachobeba mzigo mkubwa uwiano hupanda hadi 50 kwa 1 na zaidi, nayo hiyo ni kazi ya kufanywa kwa maelekezo ya mbunifu wa ndege. Kanuni nyingine ya mkono, iliyo pana zaidi, ni kwamba kila tabaka litofautiane na mwenzake kwa milimita 25 kila upande.

Kabla ya msasa, osha. Kipande kilichotoka kwenye kalibu kinaweza kuwa na nta ya kukibandulia, na ukianza na msasa utaisukuma nta hiyo ndani ya mikwaruzo. Asetoni na kitambaa safi kwanza, msasa namba 40 hadi 80 baadaye, mpaka mng'ao wote upotee. Tena ujue rezini ya kipande cha zamani. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta na vinaili esta iliyokwanguliwa, lakini poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri. Ukiwa na shaka, tumia epoksi.

Sasa pembe za matabaka yetu manne. Nundu ya boneti inapigwa na hewa, inatetemeshwa na injini, inashikwa na mikono kila boneti inapofunguliwa. Mzigo wake hautoki upande mmoja. Kwa hiyo tunachanganya: tabaka la kwanza digrii 45, la pili sifuri na 90, la tatu sifuri na 90, la nne digrii 45. Mpangilio huo unafanana ukihesabu kutoka juu au kutoka chini, na kufanana huko kuna maana. Ukiweka 45, 45, kisha sifuri, sifuri, nusu ya juu na nusu ya chini zinaweza kusinyaa tofauti rezini inapokauka na joto linapobadilika, na kipande kikajipinda. Kwenye boneti, kujipinda huko kunaonekana kama ukingo usiotaka kulala hata ukikaza skrubu zote.

Kitambaa cha pande mbili kikilazwa kwa digrii 45 kinakuwa na nyuzi za kuongeza 45 na za kutoa 45 katika tabaka hilohilo. Huhitaji kukigeuza tabaka linalofuata. Kitambaa cha upande mmoja ndicho kinachodai jozi: tabaka moja kwenda kulia, linalofuata kwenda kushoto. Ukilaza mawili yote upande mmoja, kipande kitasokoteka kila kinapopindwa, na kama ni cha bawa, hilo linabadilisha namna bawa linavyokutana na hewa. Kipande cha kushoto na cha kulia kwa hiyo vijengwe kama sura na kioo chake, nyuzi zikipishana kinyume.

Kitambaa cha upande mmoja hakisamehe kosa la pembe. Tabaka lake likivutwa kwa digrii 10 tu nje ya uelekeo wa nyuzi, nguvu ya tabaka hilo peke yake hushuka chini ya nusu, kwa sababu rezini iliyo kati ya nyuzi inaanza kukatika mapema. Digrii 10 ni kidogo sana kwa macho: katika urefu wa nusu mita ni sentimita 9 hivi za kupotea pembeni. Piga uzi wa fundi uliokazwa, ulinganishe. Angalia pia mawimbi. Uzi uliolala kwa mawimbi kidogo hautabeba mgandamizo, utakunjika hapo ulipokwisha kuanza kukunjika. Ukiona wimbi, vuta kitambaa kutoka ncha zake mpaka linyooke kabla rezini haijaanza kushika; kulisukuma kwa kikwangua mara nyingi hulihamisha tu.

Kwa nundu yenyewe, mshazari una faida nyingine ambayo kila fundi cherehani anaijua. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbulika. Miraba kati ya mtande na mshindio hugeuka kuwa almasi, na kitambaa hukumbatia umbo la mviringo bila mikunjo. Kitambaa kilekile kikilazwa kwa nyuzi zilizonyooka husimama kwenye pembe na kuacha hewa chini. Hiyo ndiyo sababu vibanzi vya kuunganishia kona karibu vyote hukatwa mshazari. Kuna sababu ya nguvu pia: kibanzi kinachozunguka kona, kikiwa na nyuzi zilizonyooka, nusu ya nyuzi zake zinatembea sambamba na kona na hazivuki kwenda upande wa pili. Zimelala bure. Kikikatwa mshazari, kila uzi unavuka kona.

Hata hivyo kunyumbulika kuna bei. Almasi zinapojibana, nyuzi hazipo tena kwenye 45. Zinaweza kufika 35 upande mmoja na 55 upande mwingine. Kwenye nundu ya boneti hilo linavumilika. Kitambaa kinapofika mwisho wa kunyumbulika na kuanza kufanya kidonge, yaani mkunjo uliovimba, usikikunje wala kukikandamiza kwa rezini nyingi. Kipasue kwa mkasi kuanzia ukingoni kuelekea kwenye kidonge, lalisha upande mmoja juu ya mwingine kwa milimita 25, na mpasuko wa tabaka linalofuata uwe mahali tofauti, angalau milimita 50 kutoka huu. Mipasuko iliyopangana mmoja juu ya mwingine ni mstari wa ufa uliokwisha kuchorwa.

Kona za nje zinahitaji kuviringishwa pia. Nyuzi za kioo hazipendi kona kali: huinuka, hewa inaingia, na baadaye pale pana ganda tupu. Nusu kipenyo cha milimita 3 ni kiwango cha chini kwa nyuzi zinazovuka kona kwa mshazari, na 5 kwa zinazovuka moja kwa moja. Kona za ndani jaza kwa rezini iliyochanganywa na vipovu vya kioo, uilainishe kwa ncha ya kijiti cha mviringo mpaka upate nusu kipenyo cha milimita 10 hivi, kisha laza kitambaa juu yake ikiwa bado mbichi.

Kukata mshazari kunakula kitambaa, na wengi huishiwa katikati ya kazi rezini ikiwa imeshachanganywa. Jora la upana wa mita 1 likikatwa kwa digrii 45 hutoa kibanzi cha urefu wa mita 1.41, si zaidi. Kirefu kuliko hapo lazima uunge kwa kulaza milimita 25. Kibanzi cha upana wa milimita 100 kinakula milimita 141 za ukingo wa jora. Hesabu hivyo kabla ya kuanza. Tena kitambaa cha mshazari kikibebwa mkononi hurefuka na kusinyaa upana, pembe zote zikapotea njiani kutoka mezani hadi kwenye ndege. Kwa vipande vidogo dawa yake ni plastiki. Tandaza karatasi ya nailoni mezani, chora umbo juu yake kwa kalamu upande wa chini, laza kitambaa, mimina rezini, funika kwa nailoni ya pili na kamua kwa kikwangua mpaka weupe wote upotee. Kata vyote kwa pamoja kwa kisu cha gurudumu kufuata mchoro. Nailoni inazishika nyuzi zisihame. Bandua upande mmoja, bandika mahali pake, kandamiza, kisha bandua upande wa pili. Tunaipenda njia hii kuliko nyingine zote kwa vibanzi vya kona, kwa kuwa pembe uliyochora ndiyo pembe inayofika.

Kuhusu mpangilio wa ukubwa, wajenzi hawakubaliani, na kila upande una hoja. Wako wanaoanza na kipande kidogo na kumaliza na kikubwa, ili kila tabaka jipya likutane na tabaka lake la zamani kwenye hanamu. Wako wanaoanza na kikubwa, ili tabaka la chini lishike ngozi ya zamani katika eneo zima. Kwa kipande kinachobeba mizigo ya ndege fuata maelekezo ya ndege yako. Kwa boneti na vifuniko vya magurudumu, sisi tunaanza na kikubwa. Msasa wa kumalizia utakwangua kingo za matabaka ya juu, na ukianza na kidogo, tabaka litakalokwanguliwa ni lile pana la juu, ambalo ndilo linaloshikilia maungio yote. Ukianza na kidogo, basi ongeza tabaka jepesi la juu kabisa la kutolewa kafara kwa msasa.

Laza yote manne katika kikao kimoja, yakiwa mabichi. Changanya rezini gramu 150 kwa wakati mmoja. Kikombe kikubwa hujipasha joto, huanza kutoa moshi, na huganda kabla hujamaliza nusu yake. Joto la chumba liwe kati ya nyuzijoto 20 na 25 za Selsiasi. Chini ya hapo rezini inakuwa nzito na hailoweshi nyuzi za ndani, na unaongeza rezini zaidi ukidhani haitoshi. Funika yote kwa kitambaa cha kubandua, kile cha poliesta kisichoshikamana na rezini. Ukikibandua baada ya kukauka kinaacha uso uliokwaruka na usio na nta ya amini, ule utando unaojitokeza juu ya epoksi ikikauka, tayari kupokea kazi inayofuata. Glavu za nitraili ziwe mikononi muda wote: mzio wa epoksi ukikupata haukuachi tena, na wajenzi wamelazimika kuacha kazi hii kwa sababu hiyo.

Saa chache baadaye rezini inafika hali ya mpira. Hapo kisu kikali hukata kingo kama ngozi, bila kuzichana nyuzi. Ukikosa wakati huo utatumia msumeno na vumbi lake.

Nje ikikauka, geuza boneti, chimba foamu yote kutoka ndani, kata hanamu upande wa ndani nao, na uongeze matabaka mawili ya digrii 45 yanayovuka mpaka wa zamani na mpya. Usiruke hatua hii ukidhani matabaka manne ya nje yanatosha. Maungio yenye kitambaa upande mmoja tu hupindika kwenye mstari wa mpaka kila boneti inapotetemeka, na baada ya muda rangi hupasuka kwa kufuata umbo la dirisha ulilokata. Ukiona mzunguko wa nyufa nyembamba kwenye rangi ya boneti, umeshajua kilichoko ndani.

Kuna kosa jingine linalofanana na hilo, nalo ni kujenga umbo kwa kijazo. Rezini yenye vipovu vya kioo, ikichanganywa kavu kwa sehemu tano za vipovu kwa moja ya rezini kwa ujazo, ni nyepesi na inakwanguliwa vizuri. Lakini haina uzi. Milimita 1 au 2 za kusawazisha ni kazi yake. Ikifika milimita 5 unajenga kipande cha rezini, kitakachopasuka kwa mtetemo. Panapohitaji unene, kata, weka foamu, vika kitambaa. Na kwenye kusawazisha kwenyewe, mlinde tabaka la juu: vumbi la kijazo ni jeupe na laini, na mara unapoona nyuzi zinazometa chini ya msasa, umeshaanza kukata nguvu. Kwenye ngozi ya matabaka mawili, kukwangua moja ni kupoteza nusu, na kwa kuwa ugumu wa kupinda hufuata unene kwa kipeo cha tatu, unabaki na moja ya nane ya ugumu wa awali.

Matundu ya skrubu yana sheria yake. Skrubu ikivuta kuelekea ukingoni, nyuzi zinazokwenda sambamba na mvuto huchomoka kama kizibo. Nyuzi za mshazari ndizo zinazosambaza mvuto huo pande zote. Kwa hiyo kila mahali pa skrubu pawe na angalau matabaka mawili ya digrii 45 juu ya yale ya kawaida, na kitovu cha tundu kiwe mbali na ukingo mara tatu ya kipenyo cha skrubu: kwa skrubu ya milimita 4, ni milimita 12. Toboa kwa kekee kali, ubao ukiwa umeshikilia upande wa pili, la sivyo tabaka la mwisho litang'oka.

Yapo maeneo ambayo tunasihi msiyaguse kwa maelezo ya hotuba. Boriti ya bawa na ngozi iliyo juu yake, maungio ya bawa na bodi, na sehemu zinazoshikilia injini: hapo idadi ya nyuzi na pembe zake vilihesabiwa, na badiliko lolote ni la mbunifu. Usukani wa mkia, eleveta (kibawa cha mkia cha kuinua na kushusha pua) na eleroni (kibawa cha nyuma ya bawa cha kuinamisha ndege upande) zina hatari ya peke yake. Gramu chache za kitambaa na kijazo nyuma ya bawaba hubadilisha mizani ya kipande, na kipande kisicho na mizani kinaweza kuanza kupapatika hewani kwa kasi fulani na kung'oka katika sekunde chache. Ukilazimika kurekebisha hata ukingo wa nyuma wa eleroni, ipime mizani kabla, ipime tena baada ya rangi, na isirushwe mpaka irudi ndani ya kipimo cha michoro.

Kipande kikikamilika, kigonge kwa sarafu eneo zima la maungio. Palipo pazima hulia kwa ukali. Palipoachana hulia kwa uzito, kama kugonga boksi la karatasi. Weka alama ya kalamu kuzunguka kila mahali pa sauti mbaya, fungua, na urudie. Kisha kwenye kumbukumbu za ndege andika ulichofanya: matabaka mangapi, kitambaa gani, pembe gani kutoka mstari upi, ukubwa gani, rezini gani na tarehe. Bandika hapohapo na vile vitambaa vya kibao ulichochoma. Atakayekuja kukata boneti hiyo baada ya miaka 15 ataanzia pale ulipoishia, akijua nyuzi zako zinaelekea wapi.